Taka Zikisafisha Taka: Pumba, Vifuu na Mifupa Vinaweza Nini Kwenye Majitaka?

Kila msimu wa maonyesho ya Sabasaba na Nanenane hakukosekani banda lenye chupa mbili mezani. Moja ina maji yaliyojaa rangi, nyingine ina maji meupe, na katikati yake kuna sahani ya pumba za mpunga, unga wa maganda ya ndizi au vifuu vilivyochomwa. Mtembeleaji huelezwa kwamba taka zile ndizo zilizoyasafisha maji yale, na hadanganywi: alichoonyeshwa kimetokea kweli. Tatizo huanza anaporudi mjini. Akivuka Mto Msimbazi jijini Dar es Salaam wakati wa kiangazi, akaona rangi yake na kuisikia harufu yake, hujiuliza: ikiwa dawa ni pumba, na pumba zinateketezwa nyuma ya mashine za kukoboa mpunga huko Kahama na Mbarali, mto huu unangoja nini?

Majibu ya mitaani ni mawili. La kwanza husema viwanda vina kiburi na serikali imelala. La pili husema watafiti wetu wanatafuta shahada, si suluhisho. Yote mawili yana chembe ya ukweli, ila yote yanalikwepa swali gumu zaidi: pumba zikishaunasa uchafu, uchafu huo unakwenda wapi, na nani analipia safari yake? Kunasa ndiyo sehemu rahisi. Ugumu uko kabla yake na baada yake, na huko ndiko chupa mbili za mezani haziwezi kumpeleka mtembeleaji.

Majitaka ya aina gani?

Neno majitaka hubeba vitu visivyofanana hata kidogo. Maji ya chooni na jikoni yana vitu vinavyooza pamoja na vijidudu vya magonjwa. Maji ya machinjioni yana damu, mafuta na samadi. Maji ya mitambo ya kumenya kahawa mbivu, kule Mbinga au Rungwe, yana sukari na utelezi unaochacha haraka. Kiwanda cha nguo hutoa rangi na chumvi. Kiwanda cha ngozi hutoa kromiamu, chumvi nyingi na salfaidi. Mwalo wa dhahabu hutoa tope lenye zebaki.

Kwa uchafu unaooza, dawa inajulikana na ni ya bei nafuu kuliko pumba. Kanuni za Tanzania zinataka maji yanayoruhusiwa kuingia mtoni yawe na kipimo cha BOD kisichozidi miligramu 30 kwa lita. BOD ni kiasi cha oksijeni ambacho bakteria wangekitumia kuozesha uchafu huo kwa siku tano. Kufika hapo hakuhitaji teknolojia ya kutisha. Mabwawa ya majitaka ya Ruai yanayohudumia Nairobi, na yale ya Mabogini mjini Moshi, hufanya kazi kwa jua, mwani, bakteria na muda. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimetumia miaka mingi kuchunguza mabwawa ya aina hiyo pamoja na ardhioevu bandia, ambamo matete hupandwa kwenye changarawe na majitaka yakapitishwa taratibu katikati ya mizizi. Anayetaka kupeleka magunia ya pumba kwenye uchafu wa aina hii anajibu swali ambalo limekwisha kujibiwa, tena vizuri zaidi.

Mkanganyiko wa Mto Mara mwaka 2022 unafaa kukumbukwa hapa. Samaki walikufa, maji yakawa meusi, wengi wakaunyooshea kidole mgodi, kisha kamati ya kitaifa ikataja kinyesi na mkojo wa mifugo na mimea iliyooza kuwa ndivyo vilivyomaliza oksijeni. Wapo ambao hawajaridhika hadi leo, na si kazi ya makala haya kuwashawishi. Linalotuhusu ni kwamba kila chanzo kilichotajwa kingehitaji tiba yake. Kama ni samadi, chujio la mkaa lisingeokoa samaki hata mmoja. Kama ni metali, bwawa la mwani lisingetosha.

Kinachobaki kwa nyenzo za kunasia, basi, ni ule uchafu ambao bwawa halina meno ya kuutafuna: rangi za viwandani, metali nzito, baadhi ya viuatilifu, na mabaki ya dawa za binadamu yanayopita hospitalini na majumbani. Ni sehemu ndogo ya majitaka kwa ujazo, lakini ndiyo yenye sumu inayokaa muda mrefu.

Namna uchafu unavyonaswa

Wazo lenyewe si geni. Mwanzoni mwa karne ya 20 Raphael von Ostrejko alipata hataza za kutengeneza mkaa uliotobolewa vitundu visivyoonekana kwa macho. Mwaka 1918, vita kuu vilipokuwa vinaelekea ukingoni, Wamarekani walihimizwa kukusanya kokwa za matunda na maganda ya karanga ngumu ili zichomwe kuwa mkaa wa barakoa za kukinga gesi ya sumu. Mabaki ya chakula yakawa chujio la hewa zaidi ya miaka 100 iliyopita. Mwaka huohuo Irving Langmuir alitoa mlinganyo ambao wanafunzi wa kemia bado wanautumia kukadiria kiasi cha kitu kinachoweza kushikwa na uso wa kitu kingine.

Maganda ya mimea yasiyochomwa hunasa kwa njia tofauti kidogo. Uso wake, ukiwa ndani ya maji ya kawaida, huwa na chaji hasi, kwa hiyo huvuta vitu vyenye chaji chanya: risasi, shaba, kadimiamu. Huvuta pia rangi moja ya buluu iitwayo methilini buluu, na hapa msomaji awe macho. Rangi hiyo ndiyo kipenzi cha maabara duniani kote, kwa sababu ni rahisi kupimwa na hushikwa na karibu kila kitu kitokacho kwenye mmea. Lakini rangi nyingi zinazotumika kupaka vitambaa vya pamba viwandani zina chaji hasi, na maganda ghafi huzisukuma badala ya kuzivuta. Kuusifu uwezo wa pumba kwa methilini buluu ni kuusifu wavu kwa samaki aliyejirusha mwenyewe ndani yake.

Kuna mtego mwingine. Majaribio mengi hufanywa kwa maji yaliyochemshwa na kukusanywa mvuke wake, yakatiwa aina moja tu ya uchafu, tena kwa wingi. Maji ya kiwandani yana chumvi, sabuni, mafuta na rangi tatu au nne kwa pamoja, na vyote vinagombania nafasi ileile. Uwezo uliotangazwa maabara hushuka, wakati mwingine ukabaki sehemu ndogo tu. Kromiamu ya sumu kali, ile ya valensi sita, hunaswa vizuri na maganda mengi maji yakiwa makali kwa tindikali, karibu na pH 2. Nani atakayemwaga asidi kwenye maelfu ya lita kila siku, halafu amwage chokaa ili kuirudisha hali ya kawaida kabla ya kufungulia mtoni?

Wanaotetea maganda ghafi

Kambi ya kwanza husema: kausha, osha, saga, tumia. Hakuna tanuri, hakuna kemikali, hakuna mti unaokatwa. Wana ushahidi. Mwaka 2011 watafiti wa Brazil walionyesha kwamba unga wa maganda ya ndizi hunasa risasi na shaba, na wakautumia kwenye maji ya Mto Paraná, si kwenye maji ya maabara pekee. Hoja yao ya pili ni ya kijamii: teknolojia ambayo mama lishe au fundi wa mtaani anaweza kuielewa na kuitengeneza haitamsubiri mfadhili.

Nguvu ya hoja hii inaonekana kwenye kazi ndogo. Chukua kikundi cha batiki chenye pipa la lita 200 lililobaki na rangi miligramu 500 kwa kila lita. Pipa zima lina gramu 100 za rangi. Tukikadiria kwa unyenyekevu kwamba gramu moja ya nyenzo inashika miligramu 20 katika mazingira halisi, zinahitajika kilo 5 tu. Hizo hubebwa kwenye ndoo. Kwa kikundi hicho hata pumba si hatua ya kwanza: maji yao yana kostiki na haidrosi, kemikali zinazoyeyusha rangi, kwa hiyo inafaa kwanza yaachwe yapigwe na hewa ili sehemu ya rangi igande na kutuama, kisha ukali wa kostiki upunguzwe. Nyenzo ya kunasia ije mwisho, kumalizia.

Sasa chukua hesabu ileile uipeleke kiwandani. Mita za ujazo 1,000 kwa siku, zenye rangi miligramu 100 kwa lita, zina kilo 100 za rangi kila siku. Kwa uwezo uleule zinahitajika tani 5 za nyenzo kwa siku, yaani tani 150 kwa mwezi. Pumba za mpunga ni karibu asilimia 20 ya uzito wa mpunga, hivyo ni lazima tani 750 za mpunga zikobolewe kila mwezi kwa ajili ya kiwanda kimoja. Na kwa kuwa mita moja ya ujazo ya pumba zilizomwagwa bila kushindiliwa haizidi sana kilo 100, tani 5 ni kama mita za ujazo 50 kila siku: lori linalobeba hewa zaidi ya mzigo.

Kuna pia udhaifu usiosemwa mabandani. Maganda ghafi hutoa rangi na tanini zake mwenyewe. Maji yanaweza kuingia na risasi yakatoka bila risasi, ila yametiwa uchafu mpya unaooza. Yakilowa siku kadhaa, huvunda. Yakisagwa laini ili kuongeza uso, huziba bomba. Yakiachwa makubwa, hunasa kidogo. Anayetangaza kiasi cha metali kilichoondolewa bila kutaja kilichoongezwa ametoa nusu ya hesabu.

Wanaotetea mkaa amilifu

Kambi ya pili husema: kama kunasa kunategemea uso, ongeza uso. Kifuu huchomwa kwa hewa haba hadi kiwe mkaa, kisha hupitishiwa mvuke kwenye joto la nyuzi 800 hadi 1,000. Au hulowekwa kwanza kwenye asidi ya fosforiki na kuchomwa kwa joto la chini zaidi. Gramu moja ya mkaa huo huwa na uso wa ndani wa mita za mraba 500 hadi 1,500. Hauvundi, hautoi tanini, na hunasa hata vitu visivyo na chaji, kama mabaki ya dawa na viuatilifu, ambavyo pumba ghafi huviacha vikapita.

Afrika Mashariki hatuhitaji kwenda mbali kuthibitisha kwamba teknolojia hii inafanya kazi. Migodi mikubwa ya Kanda ya Ziwa hutumia kaboni ya vifuu, yaani mkaa huohuo, kunasa dhahabu iliyoyeyushwa kwa sayanaidi. Wachimbaji wadogo wanaoloweka marudio, yaani mchanga uliokwisha kuchenjuliwa, kwenye matangi huko Geita na Chunya nao huijua: huinunua kwa magunia, huipitishia maji ya sayanaidi, kisha huipeleka kwenye mitambo ya elusheni ikakamuliwe dhahabu. Huu ni utaalamu wa kunasa kitu kilichomo ndani ya maji, unaofanywa kila siku na watu ambao wengi wao hawajakanyaga maabara ya chuo.

Kwa nini basi kaboni hiyohiyo haionekani kwenye mkondo wa kiwanda cha nguo? Kwa sababu kinachonaswa mgodini kina bei. Dhahabu inalipia kaboni, inalipia usafiri wake, inalipia moto wa kuihuisha ili itumike tena. Rangi ya khanga iliyonaswa hailipi chochote. Ni gharama juu ya gharama. Naona hii ndiyo sababu kuu ya teknolojia hii kukwama, kuliko uvivu wa mtu yeyote. Panapokosekana faini inayouma au mnunuzi wa kile kilichonaswa, hakuna hesabu ya kiwanda itakayokubali.

Kuna swali pia la malighafi. Sri Lanka, Ufilipino na India zimekuwa wauzaji wakubwa wa mkaa wa vifuu kwa kuwa nazi zao nyingi huvunjwa kwenye viwanda vya kusindika, na vifuu hubaki rundo moja. Kwetu nazi huvunjwa jikoni. Kila nyumba ina mbuzi wake wa kukunia nazi, kila mbuzi anaacha vifuu viwili vitatu kwa siku, na vifuu hivyo huwashiwa moto au kutengenezwa upawa. Minazi ya Mafia, Pemba, Kwale na Kilifi ipo, lakini kukusanya vifuu nyumba kwa nyumba ni biashara nyingine kabisa. Zaidi ya hayo, kifuu kikichomwa hubaki karibu theluthi ya uzito wake, na mkaa huo ukiamilishwa hupungua tena kwa kiasi kikubwa. Na yule anayetumia asidi lazima aisuuze bidhaa yake mpaka asidi iishe. Maji ya kusuuzia yanakwenda wapi? Mtu anaweza kujikuta anatengeneza majitaka ili asafishe majitaka.

Wapo wanaosimama katikati: mkaa wa kawaida wa magunzi, pumba au matawi, uliochomwa kwenye pipa lililofunikwa, bila kuamilishwa. Uso wake ni mdogo kuliko wa mkaa amilifu, ila hauvundi na gharama yake ni ya mtaani. Mkaa wa pumba una kasoro yake: sehemu kubwa ya majivu yake ni silika, kwa hiyo kuna uzito unaobebwa ambao haunasi kitu. Kwa kazi za kumalizia usafi kwenye mikondo midogo, naona msimamo huu wa katikati una mustakabali kuliko vishindo vya kambi zote mbili.

Mifupa ya Ngurdoto na Nakuru

Mfano wetu uliokomaa zaidi haukutoka kwenye majitaka bali kwenye maji ya kunywa, na ni vizuri kutenganisha mambo hayo mawili. Watu wengi huchanganya. Chujio la Dkt. Askwar Hilonga wa Arusha, lililoshinda mwaka 2015 Tuzo ya Afrika ya Ubunifu wa Uhandisi, limetajwa mara nyingi kana kwamba lingeweza kuwekwa kwenye bomba la kiwanda. Ni la maji ya kunywa, na hilo ni jukumu tofauti. Hata hivyo mkaa wa mifupa una somo ambalo haliwezi kuachwa.

Ukanda wa Bonde la Ufa, kuanzia Arusha na vijiji vinavyouzunguka Mlima Meru hadi Nakuru na Naivasha, una maji yenye floraidi nyingi. Meno hugeuka rangi ya kahawia, na kwa waliokunywa miaka mingi mifupa hupinda. Shirika la Afya Duniani linapendekeza isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Tanzania kwa miaka mingi ilivumilia hadi miligramu 8, kwa kuwa hapakuwa na njia ya kufikia chini ya hapo, kisha ikashusha hadi 4 na baadaye 1.5. Kituo cha utafiti cha Ngurdoto mkoani Arusha, na huduma ya ubora wa maji ya Jimbo Katoliki la Nakuru, vilichukua mifupa ya ng'ombe, vikaichoma na kuifanya chujio. Mfupa una madini ya kalsiamu na fosfeti ambayo hubadilishana na floraidi: floraidi huingia, kitu kingine hutoka. Nakuru walikwenda mbele zaidi kwa kuongeza kalsiamu na fosfeti ili chujio lidumu muda mrefu.

Kilichofanya mifupa ifaulu hakikuwa mifupa peke yake. Uchafu ulikuwa mmoja na unajulikana. Maji yalikuwa masafi kwa mengine yote, hakuna sabuni wala mafuta ya kugombania nafasi. Kiasi kilikuwa kidogo, cha nyumba au shule. Na palikuwa na taasisi iliyofuatilia: ichomwe kwa joto gani, kwani ikiungua kidogo maji hunuka na kubadilika ladha, ikiungua kupita kiasi hupoteza nguvu, ipimwe lini, ibadilishwe lini. Hata hivyo vikwazo havikukosekana. Familia nyingine hazikutaka maji yaliyopita kwenye mifupa isiyojulikana imetoka kwa mnyama gani na kachinjwa vipi. Mhandisi anayelicheka swali hilo atarudi kijijini akute chujio limegeuzwa tenga la kuku.

Mlonge ni hadithi nyingine

Mbegu za mlonge huwekwa kapu moja na pumba, na si sahihi. Hazinasi kwa uso. Protini yake hukusanya chembe za tope zikawa mabonge yanayotuama, kazi ileile ya shabu. Wanawake wa Sudan walizitumia kwa maji ya Nile kabla hata ya mtafiti Samia Al Azharia Jahn kuzichunguza kitaalamu, na baadaye Waingereza wa Chuo Kikuu cha Leicester wakazijaribu kwa mtambo wa maji huko Thyolo, Malawi. Jambo zuri ni kwamba mashudu yanayobaki baada ya kukamua mafuta bado yana protini hiyo, kwa hiyo anayeuza mafuta ya mlonge ana dawa ya maji bure. Jambo baya: huacha mabaki ya vitu vinavyooza ndani ya maji, na maji yakikaa hunuka. Kwa maji ya machinjio au ya kuoshea mboga, yatakayokwenda bwawani baadaye, kasoro hiyo haina uzito.

Taka ya nani?

Neno taka hudanganya. Bagasi ya miwa huchomwa kwenye boila za viwanda vya sukari, TPC Moshi na Kilombero, kutoa mvuke na umeme. Mashudu ya pamba na alizeti ni chakula cha ng'ombe. Machicha ya pombe yana foleni ya wafugaji wa nguruwe. Pumba za mpunga huchomea tofali na kutandikwa mabandani mwa kuku. Maganda ya ndizi huko Kagera hurudi kwenye kibanja kama mbolea, na anayeyaondoa anauondolea udongo chakula chake. Mara mnunuzi wa kwanza akifika na mizani, kitu kilichoitwa takataka hupata bei, na mahesabu ya mradi yaliyoandikwa kwa malighafi ya bure huporomoka.

Zipo taka za kweli. Mkonge ni mfano mzuri: nyuzi ni karibu asilimia 4 tu ya jani, mengine yote hubaki kiwandani. Lakini hata hapo kuna mshindani, kwani huko Hale, Tanga, mabaki hayo yamekwisha kutumika kutengeneza gesi ya kuzalisha umeme. Maganda ya korosho ya Mtwara na Lindi ni mengine, ingawa mafuta yake makali lazima yashughulikiwe kwanza.

Tusisahau pia kwamba mshindani wa pumba kiwandani si mkaa wa kutoka Asia pekee. Kromiamu ya viwanda vya ngozi kwa sehemu kubwa ni ya valensi tatu, na hiyo hugandishwa kwa chokaa ikatuama chini kama tope, tena inaweza kurudishwa kazini. Anayeuza maganda ya ndizi kwa kiwanda cha ngozi anashindana na mfuko wa chokaa. Huko mialoni zebaki nyingi haijayeyuka kabisa. Ni matone na chembe zilizonata kwenye tope, na maganda hayanasi tone. Pale, kupunguza zebaki inayomwagwa tangu mwanzo kunazidi chujio lolote la mwisho.

Baada ya kunasa

Hapa ndipo makala nyingi za kitaalamu humalizia kwa sentensi moja: nyenzo iliyotumika inaweza kuchomwa, kuoshwa au kufukiwa. Sentensi hiyo inabeba nusu ya gharama.

Ukiiosha kwa asidi ili uitumie tena, unapata maji machache yenye metali nyingi. Uchafu umehamia chupa nyingine. Ukiifukia shimoni bila kuta, mvua ya masika itaurudisha. Ukichoma pumba zilizonasa zebaki, zebaki inapanda hewani na kumfikia yule aliyeshika mti wa kuchochea. Wanaochoma kaboni ya sayanaidi iliyopita kwenye marudio yenye zebaki wako katika hatari hiyohiyo, na wengi hawajui. Kuirudisha shambani kama mbolea ni salama tu ikiwa kilichonaswa ni fosfeti au naitrojeni ya maji ya chooni yaliyokwisha kuuawa vijidudu. Ikiwa ni kadimiamu au risasi, tumeihamisha sumu kutoka mtoni hadi kwenye sahani ya ugali.

Kisheria pia hali hubadilika. Kilo 5 za pumba ni pumba. Kilo 5 za pumba zenye kromiamu ni taka hatarishi, na taka hatarishi zina utaratibu wa vibali vya kukusanya, kusafirisha na kutupa. Kikundi cha wanawake sita kilichosifiwa mabandani kwa ubunifu kinaweza kujikuta chini ya kanuni zilizoandikwa kwa ajili ya viwanda vikubwa.

Mizani inaelemea wapi?

Nikiziweka hoja zote pamoja, naona nyenzo za taka za shambani zina nafasi ya kweli pale penye masharti manne kwa wakati mmoja: uchafu ni mmoja au miwili na unajulikana, maji ni machache, usafishaji wa awali umekwisha fanyika, na njia ya kutoka ya nyenzo iliyochoka imepangwa kabla ya gunia la kwanza kufunguliwa. Karakana za batiki zinaingia, zikitumia mkaa wa kawaida na si pumba ghafi. Maabara za shule na vyuo zinazomwaga metali kidogo kwenye sinki zinaingia. Kiwanda cha ngozi kinaingia kwenye hatua ya mwisho, baada ya chokaa. Mashudu ya mlonge yanaingia pale penye mkamuaji wa mafuta jirani. Majitaka ya mji mzima hayaingii, wala kiwanda kikubwa cha nguo ambacho hakijajenga hata bwawa la kutuamisha. Kukiuzia kiwanda hicho pumba ni kukipa kisingizio.

Anayekuja na nyenzo mpya aulizwe vitu vichache kabla ya kupewa fedha za majaribio. Je, amepitisha maji halisi ya mteja kwenye safu ya nyenzo, bila kusimama, mpaka uchafu ulipoanza kupenya? Zinahitajika kilo ngapi kwa kila mita ya ujazo? Uchafu unaooza uliongezeka kiasi gani upande wa kutokea? Na nyenzo iliyochoka itachukuliwa na nani, kwa shilingi ngapi? Wengi watakwama kwenye swali la mwisho, na si kwa kosa lao, kwani hakuna mfumo wa kukusanya taka hatarishi ndogondogo unaomfikia mtu wa karakana.

Kwa rangi, ambazo ni vitu vya kuungua, tanuri za saruji za Wazo, Tanga na Mtwara zina joto la kuziteketeza kabisa, na pumba zenyewe ni kuni. Gari moja linalopita kwenye karakana za mji mara moja kwa mwezi, kama wanavyopita wakusanyaji wa oili chafu kwenye gereji, lingetosha kuanzia. Kwa metali njia hiyo haifai yote: zebaki hutoroka na moshi, na kromiamu ya valensi tatu ikipikwa kwenye tanuri ya saruji inaweza kugeuka ile ya valensi sita. Hizo zinahitaji shimo la taka hatarishi lililojengwa na kulindwa, na kabla ya kuuliza ni ganda gani linalonasa zaidi, halmashauri inayotaka karakana zake zitumie maganda ingeanza kwa kutenga bajeti ya shimo hilo.